Weusi Waliouona Kichwani kwa Dada Somoe

Jumatano, Masasi. Upepo mkali tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye madaftari ya darasa la tano. Daftari moja nimelisahihisha mara tatu.

Sijatulia hata kidogo.

Dada yangu Somoe analima korosho Mkunya, Newala. Kichwa kilianza kumuuma wakati wa palizi, akawa anameza panadol. Kisha kutapika kila asubuhi, na mguu wa kushoto ukawa unaburuta. Tulipofika Dar es Salaam, hospitalini picha ya MRI ilionyesha uvimbe kichwani, na daktari alidhani una damu iliyovuja. Alipomfungua, akakuta kitu cheusi kama wino.

“Mama Twalib,” aliniambia, “kwenye utando wa ubongo kuna chembe zinazotengeneza rangi, kama zile za ngozi. Mara chache sana hufanya uvimbe. Lakini weusi huu unaweza pia kuwa saratani iliyotoka kwingine. Lazima tujue.”

Wakamkagua macho, kucha, viganja, nyayo. Daktari akaniuliza kama dada aliwahi kuwa na doa jeusi mguuni.

Nikasema hapana.

Nilidanganya. Miaka mingi nyuma nilimchokonoa kisiginoni kwa wembe, nikidhani lile doa ni mwiba. Niliogopa kuambiwa kuwa mimi ndiye niliyeusambaza ugonjwa. Siku nne nilishindwa kula, ndipo nikarudi kwa daktari nikasema ukweli. Hakunigombeza. Alichukua kipande kidogo cha nyama ya kisiginoni nacho kikapimwe.

Dada akaruhusiwa kurudi Mkunya, nami nikarudi kufundisha. Majibu ya kichwani yalichelewa. Weusi ulikuwa unazificha chembe zenyewe, ikabidi maabara waufifishe kwanza ndipo waziangalie kwa hadubini.

Leo saa tano simu imeita nikiwa darasani.

“Kisiginoni ni kovu tu,” daktari alisema. “Uvimbe wa kichwani umeanzia kwenye utando wenyewe, na unakua polepole. Ila kipande kilichoshikana na mshipa tulikiacha. Unaweza kurudi, kwa hiyo tutampiga picha mara kwa mara.”

Nilimpigia kwanza shemeji, mume wa dada; anataka tumwambie dada amepona, basi. Nilikaribia kukubali. Lakini nimechoka na uongo.

Nikampigia dada.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Majibu yametoka, nasikia kwenye sauti yako. Usinifiche, mdogo wangu.”

Nikamwambia yote, pamoja na hofu niliyokuwa nayo juu ya ule wembe.

“Ulikuwa mtoto,” akasema. “Na hiyo picha nyingine, lini?”

“Baada ya miezi mitatu.”

“Haya. Ijumaa panda gari uje. Kuna muhogo wa kumenya, na mimi wamenikataza kuinama.”

Akakata. Yeye hakulia, nimelia mimi, mbele ya watoto arobaini walioshika kalamu wakinitazama.

Ijumaa nitakwenda. Miezi hii mitatu sijui nitalalaje, ila sitaipitisha yote nikiwa mbali naye.