Miche Iliyokosa Kuokoka

Mjukuu wangu Wawira,

Sisi hapa Kianjokoma hatujambo. Goti la nyanyako limepona, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza bango la saluni yako lianze na maneno gani. Nikiwa ripota mchanga, shangazi yangu aliniomba nimwandikie bango la miche yake ya kahawa. Mvua ilikuwa imeanza, na miche ambayo haingeuzwa wiki hiyo ingeharibika. Niliandika kwa herufi kubwa: "NJOONI NYOTE, BWANA AMETENDA!" Miche niliitaja chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Siku ya soko watu walikuja na Biblia. Mzee mmoja akauliza, "Mhubiri yuko wapi?"

"Ni huyu ripota wangu," shangazi akamjibu. "Muulize miche yangu itaokoka lini."

Akaligeuza bango, akaandika kwa makaa: "MICHE YA KAHAWA." Kufikia saa sita ilikuwa imekwisha. Yule mzee alipata mitano tu. "Ungesema mapema, kijana," akaniambia, "ningekuja na gunia."

Kwa hivyo anza na "TUNASUKA NYWELE." Sifa za Mungu ziweke chini. Yeye husoma hata herufi ndogo.

Ni mimi babu yako.