Nimefuta Majina ya Ng'ombe kwenye Trekta la Baba

Mpendwa mshauri Mama Kwandu, naomba msaada wako kabla sijaharibu zaidi, maana nilichokwisha kuharibu kinanitosha. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa pamba hapa Bariadi, nina mke na watoto wanne na kanisani ni mzee wa kanisa, kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu wa vijiweni.

Marehemu baba alituachia trekta alilolinunua mwaka 1981 likiwa limekwisha tumika, na ili alipate aliuza ng'ombe kumi na wanane kwa mkupuo, jambo ambalo kwa Msukuma wa wakati ule ni kama kuuza nusu ya ukoo, ndugu zake wakasema amerukwa na akili, na kwa kuwa aliwapenda wale ng'ombe na ndiyo kwanza alikuwa ametoka kujifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, akachukua msumari akayachora majina yao kwenye madigadi, yale mabati yanayofunika matairi makubwa ya nyuma, tisa kulia na tisa kushoto, wasije wakasahaulika.

Injini ilikufa zamani, trekta limesimama uani, rangi yake nyekundu ya kiwandani imepauka na kubanduka. Mwezi uliopita walipita wageni wanaotafuta zana za kale za kuonyesha Nanenane, wakalipenda, mmoja akaniambia nilipake rangi livutie, mwenzake, mzee aliyewahi kuwa fundi wa matrekta, akanivuta pembeni akasema nisiliguse, rangi yake ya asili ndiyo thamani yake, likipakwa upya litakuwa trekta kama mengine. Mke wangu Nancy akasema huyo mzee anataka tuchekwe na mkoa mzima. Nikamsikiliza Nancy, nikaenda kwa fundi Mayige, ambaye ni jirani na pia binamu yangu, akachanganya rangi, akaniambia nianze kusugua mwenyewe kwa msasa wakati yeye anamalizia kazi ya watu.

Hapa ndipo panaponiuma. Nilianza na madigadi ya kulia nikijua kabisa kilichoandikwa pale. Niliona aibu, mshauri, herufi zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, mimi nimefika kidato cha nne, nikawaza wageni watasoma na kumcheka baba, nikasugua mpaka bati likawa jeupe. Nikajiambia mama hatajua, maana mama yangu ni kipofu, huu ni mwaka wa sita.

Kumbe mama kila asubuhi akitoka kuota jua hupitia pale na kupapasa yale majina, moja baada ya jingine, na hajui kusoma hata herufi moja, ila ndiye aliyekaa na baba akimkumbusha ng'ombe yupi anafuata wakati baba anachora. Asubuhi ile mkono wake ukakuta bati laini. Akapapasa juu, akapapasa chini, akarudi mwanzo, kisha akaniuliza nani amefanya hivi. Nikamjibu ni Mayige.

Mama akasema, "Basi Mayige asikanyage hapa tena. Hata siku ya kunizika asije."

Tangu siku hiyo hatoki ndani, uji anaonja tu. Mayige alikuja kumwamkia kama kawaida yake, mama akageukia ukutani, naye akaondoka bila kujua kosa lake, na mimi nilikuwa nimesimama palepale. Nanenane imebaki wiki mbili. Nimewaza nilipake trekta lote yaishe, nimewaza niliache na aibu yake upande mmoja, nimewaza hata kuchukua msumari niyachore upya yale tisa, lakini nakumbuka manne tu. Nimekata tamaa kabisa. Nipake au niache?

Masunga, Bariadi

*

Masunga, pole. Nimelelewa Meatu kwenye zizi la ng'ombe, najua kuna wazee waliowalilia ng'ombe kuliko walivyowalilia shemeji zao. Nimesikia unavyoumia, sikubezi.

Lakini umeniandikia kurasa mbili za rangi, na uongo wako ukaupa mstari mmoja. "Nikamjibu ni Mayige." Kisha ukaendelea na habari za uji. Ulidhani nitapitiliza?

Tumalize la rangi kwanza kwa kuwa ndilo jepesi. Usipake. Yule mzee aliyekuvuta pembeni alikuambia kweli. Rangi mpya inapatikana kila duka la vifaa, ya mwaka ule haipo tena, na ukishaisugua imekwenda. Mwambie Mayige hiyo rangi aliyochanganya apakie geti la mtu mwingine. Lile bati ulilolichubua lisafishe vumbi kwa kitambaa kikavu, ulipake oili nyepesi kila wiki lisishike kutu, na kabla mvua za vuli hazijaanza ezeka kibanda cha mabati manne juu ya hilo trekta. Madigadi ya kushoto usiyaguse hata kwa sabuni. Kama wageni wanalitaka Nanenane, walichukue hivyohivyo na upande wake mweupe, ila kwa ruhusa ya mama yako. Akikataa, halitoki uani. Nancy mwambie nimesema mimi, kama ni kununa aninunie mimi.

Sasa la baba yako. Mtu mzima mwenye watoto anakaa kwenye dawati jioni baada ya jembe, anashika kalamu kwa mkono uliokomaa, na akishajua herufi chache anaziandika kwa ajili ya ng'ombe wake. Wewe uliyesomeshwa kwa jasho la trekta hilohilo ukaona ni aibu. Masunga, kilichopinda pale hakikuwa herufi.

Msumari uweke chini. Kumwandikia kipofu majina ya kubahatisha ni kumdanganya mara ya pili, tena kwa kutumia vidole vyake mwenyewe. Yale matano uliyoyasahau yamebaki kichwani mwa mtu mmoja tu, na mtu huyo amelala ndani hataki kula. Usimwendee ukiwa na daftari. Mwendee mikono mitupu, kaa chini, useme, "Mayu, ni mimi niliyefuta, na nilijua ninachofuta." Usitaje Nancy, usitaje wageni, usitaje Nanenane. Kisha nyamaza. Akilia mwache alie. Akikufukuza, toka nje, rudi kesho umwamkie.

Ukitoka hapo nenda kwa Mayige kabla jua halijazama. Kwake utapata aibu kubwa zaidi, na unaistahili. Jibu hili nimekutumia kwenye simu leo Jumatano, gazeti linatoka Jumamosi. Majina yenu nimeyabadilisha yote, lakini trekta la namna hiyo hapo kwenu ni moja, na watu wanasoma. Njia ya mwongo ni fupi.

Sikuahidi kwamba mama atakusamehe. Huenda asikutajie hata jina moja mpaka anaingia kaburini, na itakubidi uishi na lile bati jeupe, kwa kuwa kuna vitu mtu akishavifuta vimefutika. Lakini Mayige bado unaweza kumrudisha. Usiposema, siku ya msiba wanaume wote wa kijiji watashika koleo kumzika mama yako, binamu yako atasimama nje ya boma kwa kosa lako, na wewe ndiye utakayetupa udongo wa kwanza.

Zima simu, ingia ndani kwa mama.