Kola ya Mkuu wa Kizuizi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shangazi mpendwa,

Kabla sijakusalimu nakuomba: soma barua hii mlango ukiwa umefungwa, kisha itie jikoni iungue yote. Usimwambie mtu hata neno moja, hata yule jirani yako mnayekunywa naye chai. Nakuomba sana.

Shikamoo. Hujambo na mguu wako? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia.

Wewe ndiye uliyeniombea kazi ya ukarani katika chama cha mafundi cherehani, kwa hiyo unajua tunachoshona hasa. Familia ishirini na sita zimejificha katika nyumba za wanachama, zote ni wake na watoto wa wanaume waliokataa kubeba bunduki wakatoroka. Walinzi wa kizuizi cha darajani wanazitafuta kwa majina. Kwa hiyo katika daftari letu la vipimo hakuna jina la mtu. Kila familia imeandikwa kama oda ya nguo: vifungo ni idadi ya watu, na kiraka maana yake kuna mgonjwa.

Mwezi uliopita kulikuwa na oda mbili zinazofanana: sketi, vifungo vinne, kiraka kimoja. Nikapeleka dawa ya pumu kwenye nyumba isiyo yake, na mtoto akahangaika na pumzi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Alipona. Lakini mimi niliapa sitakosea tena. Nikaandika orodha nyingine, safi, majina kamili na nyumba walizomo, kwa mpangilio wa alfabeti. Nilichagua karatasi ngumu kuliko zote ili idumu. Nikaificha chini ya marobota ya vitambaa.

Leo nimeitafuta. Haipo. Mwenyekiti wetu, yule tunayemwita Mkasi, hajui kitu. Nifanye nini?

Mwanao,
karani


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu wangu uache, umezoea kunisumbua. Muuza sabuni amenifikishia barua yako ndani ya boksi lake na nimeshaichoma.

Sasa nisikilize. Nenda kwa Mkasi leo hii. Usimwandikie, umwambie kwa mdomo, ukimtazama. Najua unaogopa kufukuzwa, lakini ukinyamaza siku moja tu wewe, kesho familia ishirini na sita zitagongewa milango. Mkasi ana ulimi mkali, nimemjua tangu tukiwa wauguzi wa zamu moja. Atakufokea mpaka masikio yawashe, halafu atauliza, "Haya, tunaanzia wapi?" Ndivyo alivyo.

Huku ng'ambo ya daraja sisi tuko tayari kuwapokea wote. Wanawake wa chama chetu wamefagia madarasa matatu ya shule ya zamani na mikeka imepatikana. Siku ya kliniki, Jumamosi ya wiki ijayo, kizuizi kinaruhusu akina mama na watoto kupita. Mnakuja siku hiyo. Na wewe njoo nao, nimekuwekea kitanda karibu na changu.

Shangazi yako


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka, samahani kwa mwandiko.

Nimemwambia. Alifoka kama ulivyosema, akaniita msomi mara saba. Kisha akauliza tunaanzia wapi.

Tukamwendea Bi Pasi, fundi wa kola, asiyejua kusoma. Unajua kanvasi ya kukazia kola imeadimika, kwa hiyo yeye hukata karatasi yoyote ngumu anayoikuta na kuishona ndani. Tulimwuliza kama ameona karatasi chini ya marobota. Akajibu kwa furaha, "Ile nzuri? Nimeitumia! Imetosha kola moja tu, lakini imesimama kama ukuta."

Kola ya nani? Ya koti la mkuu wa kizuizi. Alilileta libadilishwe kola, akalichukua juzi.

Shangazi, analivaa kila siku. Majina yote yako shingoni mwake. Mawingu yamekusanyika tangu jana, na mvua ikimnyeshea karatasi italainika, atalipeleka kwa fundi mwingine alifumue. Mkasi anasema twende wenyewe. Mimi na yeye. Anasema fundi haendi kupima bila karani wake.

Niombee.

Mwanao


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Siku tisa sijapata neno. Jumamosi nilikaa langoni mwa shule tangu asubuhi. Zimekuja familia ishirini na sita, nimezihesabu mwenyewe, na mtoto wa pumu amelala hapa akikoroma vizuri tu. Wote wanasema karani aliwasindikiza mpaka darajani. Baada ya hapo hakuna anayejua.

Kitanda chako kiko wazi. Mkasi yuko wapi? Uko wapi wewe? Niandikie hata mstari mmoja.

Shangazi yako


Alhamisi, tarehe 20 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Ni mzima, Mkasi ni mzima. Muuza sabuni alizuiwa siku kadhaa kwa sababu ya mafuriko ya barabarani, wala si kwa jambo lingine.

Acha nikueleze ya kizuizini.

Tulifika kesho yake baada ya kukuandikia, saa nne asubuhi. Mkasi alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na mkoba begani. Hata hakusalimia. Alisimama mbele ya walinzi wote akapaza sauti:

"Wewe mzee! Nani kakuruhusu kutembea na kola ya namna hiyo?"

"Ina nini?" akauliza mkuu.

"Imepinda! Wateja wangu wote wanapita hapa. Wakiiona hiyo nitakula nini mimi?"

"Mbona mimi naiona sawa?"

"Unaionaje, mzee, nayo iko nyuma ya shingo yako?"

Walinzi wakacheka. Mkuu akaona haya, akavua koti. Mkasi akasema tutalirudisha kesho. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mkuu alikataa. "Baridi hii? Litengenezeni hapa hapa, nikiona."

Mkasi akaketi juu ya gunia la mchanga akaanza kufumua. Mimi nikaambiwa nimpime shingo. "Arobaini na moja," nikasema, na utepe ukaniponyoka.

"Huyu binti anatetemeka nini?" mkuu akauliza.

"Mwache," Mkasi akamjibu bila kuinua kichwa. "Kasoma sana. Hajawahi kugusa shingo ya mwanamume."

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kushika ukuta. Na wakati wanacheka, karatasi ikatoka kwenye kola. Mkuu akanyoosha mkono. "Hiyo karatasi ni ya nini?"

Shangazi, sijui nguvu ilitoka wapi. Unakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza kwamba napoteza karatasi, naandika upande mmoja tu kama tulivyofundishwa shuleni? Nikaichukua mimi, nikageuza upande mweupe juu, nikaandika kubwa: 41. "Ni ya vipimo, mzee," nikasema.

Akaichukua. Akaishika mkononi mwake, vidole vyake vikiwa juu ya majina yote kwa nyuma. Akaitazama ile arobaini na moja.

"Mwandiko mzuri," akasema, akanirudishia.

Mkasi akaidaka, akaikata pale pale vipande vyembamba, eti anatafuta umbo la kola mpya, na kila kipande kikadondoka ndani ya mkoba wake. Kanvasi ya kweli alikuwa nayo, aliikata kwenye koti lake mwenyewe la zamani. Alishona vizuri mno. Jumamosi mkuu alipotuona na akina mama wa kliniki alijinyoosha kola na kutupungia tupite.

Daftari limebadilika. Nilipendekeza, wakakubali: sasa kila oda ina rangi ya vifungo, ili zisifanane mbili. Bi Pasi ameapa kuniuliza kabla ya kukata hata gazeti.

Kitanda usiniwekee, Shangazi. Mpe mwenye watoto. Familia nyingine tisa zimefika tangu Jumapili, na karani ni mimi. Bado naogopa. Ila sasa naogopa huku nafanya kazi, basi.

Tumehama pale pa zamani. Ukitaka kunipata, mpe muuza sabuni barua isiyo na jina juu, aiweke kwenye boksi la chini. Afike nyumba ya tatu baada ya kinu cha unga, mlango wa nyuma, kabla ya saa sita. Asiniulizie kwa jina, hakuna atakayelijua. Aseme amefuata oda ya shati la mikono mifupi, kifungo kimoja, cha kijani.

Nitatoka mwenyewe.

Mwanao