Chingamu Ndani ya Difu

Dada yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na watoto, pamoja na lile goti lako, ambalo ulipoondoka hapa lilikuwa bado halijakusamehe kwa kukaa chini siku zote za msiba. Sisi hatujambo. Mama anakula na analala vizuri, na bado ananikata jicho nikimletea supu iliyopoa. Nimeona nikuandikie kwa sababu tukizungumza kwenye simu Mama hutega sikio, na mengine ya humu hayafai kumfikia.

Ulinipigia ukitaka kujua siku ya kumbukumbu ya mdogo wetu ilikwendaje, nikakujibu kwa mkato kwamba ilipita. Haikupita, dada. Imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Unalikumbuka gari lake la rimoti, lile jekundu la mashindano ya kuteleza. Enzi zake difu ilikuwa imefungwa. Wewe hukuwa mtu wa kukaa naye mezani, kwa hiyo nakueleza kama alivyonieleza mimi, huku akisugua vyuma vyake kwa mswaki mkuukuu na kuvipanga juu ya gazeti kama anayeandalia wageni. Difu ni yale meno madogo yaliyo katikati ya magurudumu ya nyuma. Yakiwa huru, gari likikata kona gurudumu moja huzunguka haraka kuliko mwenzake. Ukiyabana yasicheze, yote mawili huzunguka sawasawa, na gari, badala ya kukata kona kwa adabu, huenda ubavuubavu. Watu wa mashindano yale hushindania huko kuteleza, wala si mbio.

Mama alipopata kiharusi, mdogo wetu aliifungua difu hiyo. Akavua matairi magumu ya plastiki, akavika laini ya mpira, gari likawa pole kama kondoo, kisha akampa Mama rimoti. Yule mama wa mazoezi ya viungo alikuwa ametuonya kwamba mkono wa kulia usipotumika utajikunja na hautafunguka tena. Mpira wa kuminya Mama aliutupa chini ya kitanda. Gari alilikubali. Mkono wa kushoto ulibonyeza, wa kulia ukazungusha kale kausukani ka rimoti, gari likatoka mlangoni hadi jikoni na kurudi.

Baada ya mazishi ya mdogo wetu Mama alilegea. Alikuwa akiliendesha mara moja, kwa upole, moja kwa moja, halafu anaweka rimoti pajani na kutazama ukuta. Nikimkata kucha nilikuta zimeacha alama kwenye kiganja. Ngumi ilikuwa inajifunga, dada, nami sikuwa na la kufanya.

Hapo ndipo alipokuja mkuu wa klabu yao ya magari, yule wanayemwita Kapteni. Alikuja na fulana yenye sura ya mdogo wetu, na sura hiyo ilikuwa imemkaa tumboni, kila akicheka inapanuka. Alisema wanaandaa siku ya kumbukumbu na wanaomba gari la marehemu lizunguke kwa heshima. Sikupenda, lakini ni nani anayekataa heshima ya ndugu yake? Nililifunga kwenye boksi la mkate, nikaenda nalo mwenyewe.

Palikuwa kwenye sakafu ya ghala la samani, vipaza sauti vinapiga kelele. Msemaji alilikosea jina la mdogo wetu, akarekebishwa, akalikosea tena. Watu waliomcheka alipokuwa hai, wakamwita Bibi Harusi kwa jinsi alivyofuta gari lake kila baada ya mzunguko, sasa walikuwa wakilia mbele ya simu zao, mmoja akamwomba mwenzake arudie kumpiga picha kwa sababu chozi halikuonekana. Tukaambiwa tusimame kimya. Nilisimama nimeinamisha kichwa, na katika kimya kile nikasikia kitu kinalia chap, chap, chap. Alikuwa Kapteni, anatafuna chingamu.

Kisha wakavika matairi yale magumu, wakaliweka gari chini. Halikuteleza. Gurudumu moja lilizunguka bure na jingine likajivuta, gari likayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwao. Mmoja akauliza kama marehemu alikuwa akishindana na mikokoteni. Wakacheka, siku ya kumbukumbu yake.

Nilimfuata Kapteni nikamweleza kwamba difu imefunguliwa kwa makusudi, kwa ajili ya Mama. Akanipigapiga begani. Akaligeuza gari tumbo juu, akafungua skrubu, akayaangalia yale meno. Yalikuwa safi, yamepakwa grisi kidogo tu, kama mdogo wetu alivyoyaacha. Akasema gundi haitakauka kwa wakati na watu wanangoja. Basi akatoa chingamu mdomoni mwake, dada, ikiwa na uzi wa mate, akaisokomeza humo kwa dole gumba. Haikutosha. Akageuka akawauliza waliokuwa karibu ni nani mwingine anatafuna, na wawili wakatema kiganjani mwake, wakicheka, kama wanaochangia harusi.

Unajua kazi yangu. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni, nimeona uchafu wa binadamu ambao siwezi kukuandikia na chakula cha mchana nikala. Lakini hili sikuliweza. Nilimwambia atoe takataka ile. Yeye akanijibu kwa utulivu wa daktari:

"Tulia, kaka. Mate hayajawahi kuua plastiki."

Gari likateleza. Liliteleza vizuri mno, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Walipiga makofi, wakapiga miluzi, Kapteni akainua rimoti juu kama aliyezaa. Mimi niliingia katikati ya uwanja wao, nikaliokota likiwa bado linazungusha magurudumu, nikamwambia mbele ya wote:

"Mdogo wangu alikuwa akinawa mikono kabla ya kulishika hili."

Nikaichukua rimoti mkononi mwake, nikaondoka. Njia nzima nilibeba boksi lile mbali na kifua, kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

Nilikusudia kulisafisha asubuhi. Lakini Mama alikuwa amekaa koridoni akilingoja, naye ukimnyima kitu anachongoja unamjua. Nikaliweka sakafuni, nikamwambia limeharibika kidogo, aende taratibu. Akabonyeza. Gari likachomoka, likageuza makalio, likagonga mguu wa kiti na kutazama lilikotoka. Matairi yale yakalia kwenye vigae, ule mlio tuliokuwa tukiusikia ukutani miaka yote, tukimpigia kelele mdogo wetu alale.

Nikainama kulichukua. Mama akalirudisha nyuma mbali na mkono wangu. Akajaribu tena, likazunguka, tena, likazunguka. Gari linaloteleza halitaki usukani utulie, lazima uzungushe huku na huku bila kupumzika, na ule mkono wa kulia, dada, ulikuwa unahangaika, unazungusha, unarudisha, jasho linamtoka juu ya mdomo. Nikamwambia nitalitengeneza liwe kama zamani. Unajua ulimi wake siku hizi unavyobeba neno moja moja. Akasema:

"Alinionea huruma. Sikutaka. Hili ndilo lake. Liache."

Nimeliacha. Kila jioni anateleza nalo, kuta za korido zimejaa michubuko, na kucha hazikwaruzi tena kiganja. Na kila jioni nakumbuka ni mate ya nani yaliyomo mle, chakula kinanishinda.

Sasa hili lisitoke kwako, hata kwa shemeji. Juzi chingamu ile ililegea, gari likaanza tena kuyumba. Nilifurahi. Niliitoa kwa kijiti, nikaitupa mbali, nikasugua meno yale kwa mafuta ya taa na mswaki wa mdogo wetu mpaka yakang'aa. Muuza vifaa akanipa gundi, akaniambia nisiliguse mpaka kesho yake. Nikamweleza Mama. Aliuweka mkono wa kulia juu ya rimoti, vidole vyote vimenyooka, akanitazama.

Nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni, nikatafuna chingamu. Nilitafuna mpaka utamu ukaisha, nikaitoa mdomoni kwa vidole vyangu, nikaishindilia mle kwa dole gumba, vilevile kama nilivyomwona yule mtu akifanya. Niliona kinyaa hadi machozi yakanitoka. Ile gundi bado haijafunguliwa, na sijui kama nitaifungua.

Kapteni akikupigia usimwambie, na salamu zangu usimpe. Bado namwona mchafu.

Wabusu watoto wote, goti lipate nafuu. Mama anakusalimu. Nilipomwambia ninamalizia barua yako alinyoosha mkono akataka kalamu. Huo mstari uliopinda hapo chini ya jina langu ni wake, na ni wa mkono wa kulia.

Mimi mdogo wako,
Mfua mashuka