Baba Anachagua Mkwe Kama Mtamba

Mama Raimundi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mchombe, mimi ni kijana wa Kisukuma wa miaka ishirini na sita, tulihamia huku bondeni na ng'ombe wetu, nikampata mchumba Mpogoro anaitwa Digna, mcheshi, ananishinda hata kuendesha baiskeli, juzijuzi tulishindana hadi kwenye mashine ya mpunga nikamkuta ameshakaa anakula muwa, sasa baba yangu akatuma watu wakaulize habari za kwao, wakarudi wakasema mama yake Digna alifariki kwa kansa ya titi akiwa na miaka thelathini na minane, na mama yake mdogo vilevile, basi baba akasema, "Mimi sijawahi kununua mtamba bila kuangalia kiwele cha mama yake," nikamwambia Digna si mtamba, akaniambia nikae kimya, na kibaya zaidi ni mimi mwenyewe, maana Digna alipouliza mahari inakuja lini nilimdanganya kwamba ng'ombe wana homa hawawezi kutembea, akanipa pole, kesho yake akaniletea mizizi ya kuwanywesha, nimejiona mjinga kabisa, nampenda sana mama, ila na mimi naogopa, ugonjwa huo naujua, ulimwua shangazi yangu, dada yake baba, nikiwa darasa la tatu, hata miaka arobaini hakufika, sasa nishauri, nimwache Digna au nimkaidi baba?

Masalu, Mchombe

Marahaba, Masalu. Pole wewe, na wasalimie ng'ombe wako, ambao nina hakika wamepona. Nimecheka hadi miwani ikadondoka, halafu nikakukasirikia. Msichana anahangaika porini kuchimba mizizi kwa ajili ya homa isiyokuwepo, na wewe unawaza kumwacha!

Nimekuwa nesi miaka mingi, kwa hiyo tulia nikueleze. Mwili wetu hukua kwa seli kugawanyika, moja inakuwa mbili. Kila mara seli hunakili maandishi ya urithi, yaani DNA, na kama mwanafunzi anayenakili ubaoni, hukosea hapa na pale. Zipo jeni, yaani vipande vya maandishi hayo, ambazo kazi yake ni kurekebisha makosa hayo na kuizuia seli isiendelee kugawanyika kabla hayajarekebishwa. Mbili kati ya hizo wataalamu wamezigundua miaka hii hii ya tisini. Sote tunazo, hata wewe mwanamume, na kila moja tunapewa nakala mbili, ya mama na ya baba. Aliyerithi nakala mbovu amebaki na moja tu ya kumlinda. Hiyo nayo ikiharibika ndani ya seli, makosa hulundikana, seli zinagawanyika ovyo, na kansa inaweza kuanza. Inaweza, nimesema! Wapo wenye nakala mbovu wanaozeeka salama, na wagonjwa wengi wa kansa ya titi hawakuirithi kabisa. Hata kama mama yake Digna alikuwa nayo, jambo ambalo hatulijui na kipimo chake huku kwetu hakijafika, Digna ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuikwepa.

Sasa mwambie mzee, kwa adabu, kwamba mfugaji kama yeye anajua vizuri kuwa dume hana kiwele, lakini mitamba anaowazaa hurithi maziwa ya bibi yao, mama wa dume huyo. Shangazi yako alikuwa dada wa nani? Kama ugonjwa wake ulikuwa wa ukoo, mzee anaweza kuwa ameubeba bila kuugua, akakupa wewe na dada zako, kama unao. Kwa kipimo chake mwenyewe, Masalu, hata wewe mnadani usingenunuliwa.

Kwa hiyo acha kujificha nyuma ya ng'ombe. Jumapili hii nenda kwa Digna umwombe radhi na umweleze yote, na habari za shangazi usiziruke. Wiki inayofuata yeye na dada zako waende hospitali Ifakara wakakaguliwe matiti na kufundishwa kujikagua wenyewe kila mwezi, na atakayegusa uvimbe asikae nao hata wiki moja. Mzee usimkaidi, mpeleke kwa daktari naye aulize maswali yake yote, hata ya mitamba.

Unaniuliza umwache Digna au usimwache. Subiri kwanza ajue habari za kwenu, halafu umwulize kama bado anakutaka.