Kiberiti cha Maggie

Jumatatu, 7 Machi 1966

Dresa, yule mtoa dawa wa dispensari, kaja shuleni leo. Watoto wadogo wote wa hapa Lumino wapimwe minyoo—kila mama alete choo cha mtoto ndani ya kiberiti kitupu, jina juu yake. Mimi ndiye niliyewaeleza wazazi. Mimi, mwalimu wa usafi! Na Maggie wangu anabandua udongo wa ukutani anakula. Viganja vimemkauka damu.

Oguttu wa Benedeta, mke mwenzangu, ana miaka minne vilevile, anang'aa tu. Mangeni akirudi kutoka mpakani anamrusha juu yule kwanza. Ndipo anapouliza, "Na huyu mwingine, amekula?" Huyu mwingine! Miaka tisa nampikia mume huyu. Benedeta kaja juzi tu, naye ndiye wa kusifiwa. Nina wivu, basi. Hapa naweza kusema.

Jumatano, 9 Machi

Asubuhi Benedeta kaniletea kiberiti cha Oguttu. Hajui kusoma. "Dada, niandikie jina, halafu unipelekee, si unapita huko?" Kiberiti chenyewe kimeungua kona.

Nikakaa na kalamu. Nikawaza dresa akisoma mbele ya akina mama wote: Maggie wa Mwalimu, minyoo! Mama mkwe angecheka mpaka Pasaka.

Kwenye changu, chenye choo cha Maggie, nikaandika Oguttu. Kwenye kile cha kona iliyoungua, Maggie. Shauri yake.

Ijumaa, 11 Machi

Majibu! Oguttu: safura, mayai tele. Maggie: safi. Mama mkwe kasema kwa sauti kwamba kuna watu hawafagii. Benedeta alikuwa anakitazama tu kile kiberiti kilichoungua, kile dresa alichokiinua akisema Maggie. Oguttu kanyweshwa dawa palepale, katapika. Mangeni kasema Mwalimu anajua kulea. Nilichinja kuku. Nilikula vizuri sana.

Jumamosi, 26 Machi

Maggie kaanguka njiani. Hakujikwaa—kaanguka tu. Midomo haina rangi. Dawa yake kainywa Oguttu! Niende kwa dresa nikaseme nini? Jumatatu. Nitatafuta la kusema.

Jumanne, 29 Machi. Tororo

Sikwenda. Jana jioni Maggie akashindwa kusimama. Leo Mangeni katafuta gari, tuko hospitali. Benedeta kaja pia, kampakata Maggie njia nzima.

Daktari kamdunga kidole. Anasema damu imebaki kidogo mno. Na kuna chembe nyeupe fulani za damu ambazo huongezeka mtoto akiwa na minyoo—za Maggie zimepita kiasi. Halafu akasoma karatasi ya Lumino. "Lakini hapa hana minyoo. Basi ni ugonjwa mwingine." Keshokutwa atamchoma sindano kubwa mfupani, aone damu inavyotengenezwa. Mfupani! Nami nikasema asante, daktari. Asante!

Ikatakiwa damu ya kumwongezea. Yangu haikupatana. Ya Mangeni haikupatana. Ya Benedeta ikapatana. Hata damu! Nilisimama nikiitazama inavyoingia mkononi mwa mwanangu. Mungu nisamehe, hata hapo nilimwonea wivu.

Jumatano, 30 Machi

Maggie kaomba uji! Vijiko vitatu.

Daktari anataka choo kingine kabla ya sindano, apate hakika. Nikaanza kutafuta kiberiti. Kumbe Benedeta anacho tayari. "Kaa, Dada. Hiki nitakipeleka mimi."

Akavuta uzi mwekundu kwenye pindo la gauni lake, akakizungushia, akafunga mafundo mawili.

"Visichanganyike tena."

Tena! Kasema hivyo, hata hakunitazama. Akatoka nacho.

Mangeni alikuwa anamfuta Maggie mdomo. Akaacha. "Vilichanganyika lini?"

Mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Kauliza tena. Sasa amekaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa mkononi, ananitazama. Nimemwambia angoje kidogo, ninaandika.