Shati la Eliseo

Estelí, Jumanne

Dada Yadira,

Natumaini mvua za huko San José hazijakurudishia kile kikohozi. Huku kuku wako ametotoa, na Mama bado hasemezani na jirani.

Uliniuliza habari za Eliseo wangu. Kiwandani wamemhamishia kwenye mapipa yaliyokuwa na wiski ya Marekani, ambamo sasa wanavundika tumbaku ya zile sigara nene za bei mbaya. Basi kila jioni anarudi ananuka kama enzi zile, kabla hajaacha pombe, na pua yangu haina kazi tena. Mwenyewe akabuni dawa: anavua shati mlangoni, kisha ananipulizia usoni.

"Nusa, mke wangu. Lile ni pipa, huyu ni mimi."

Tunacheka, tunakula.

Jana alivua shati kama kawaida, ila akanipita amefumba mdomo.

"Leo hunipulizii?"

Akatikisa kichwa tu, akaketi.

Nikampakulia wali na maharage, nikakaa karibu naye. Baadaye nikalifua lile shati, ingawa halikuwa na kosa.

Mama asijue.

Mdogo wako,
Auxiliadora